Treni iliyowaacha Morogoro, na safari ya pili iliyowachosha

Swali: "Shikamoo mzee. Nilimpeleka mama yangu, mwenye umri wa miaka 67 na anayesumbuliwa na magoti, kwenye harusi ya binamu yangu Morogoro. Siku ya kurudi Dar es Salaam tulikwama kwenye foleni Msamvu kwa sababu ya lori lililoharibika, tukafika stesheni ya SGR (reli ya kisasa) geti limeshafungwa. Nilikata tiketi ya treni ya jioni huku nimekasirika. Mama akasema badala ya kukaa pale twende mjini tukapunge upepo. Tukafika Rock Garden, kule kwenye kijito cha mlimani, mama akaweka miguu kwenye maji, tukala ndizi za kuchoma, alasiri tukapita sokoni, tukarudi stesheni. Mpaka leo anaisimulia siku ile kuliko harusi yenyewe. Nikaona nimfurahishe tena: nikapanga safari ya makusudi, twende na treni ya asubuhi, tuone Mikumi, Morningside na soko, turudi usiku. Tulirudi tumechoka, tumenuniana na fedha nyingi imekwenda. Je, siku ile ya kwanza ilikuwa bahati tu, au kuna namna ya kuipanga? Na kuna mahali pengine patulivu ninapoweza kumpeleka?" Msomaji, Tabata, Dar es Salaam.

Jibu:

Marahaba, binti yangu, na mama naomba umfikishie shikamoo yangu. Katika miaka yote ambayo nimekuwa nikiwaongoza wageni hapa Morogoro, malalamiko ninayoyasikia huwa ni ya vitu vilivyokosekana: gari halikuja, mvua ilinyesha, tembo hawakuonekana. Wewe unalalamika kwamba kila kitu kilipatikana na furaha ikakosekana, na lalamiko la aina hiyo linastahili jibu refu. Kwa kifupi, siku ile ya kwanza haikuwa bahati tupu. Ilikuwa na mpangilio wake, isipokuwa ratiba ya treni ndiyo iliyoupanga, nanyi mkaufuata bila kujua. Katika safari ya pili mlichukua majina ya mahali mkauacha mpangilio wenyewe.

Tuanze na dakika ile mlipokuta geti limefungwa. Kabla hamjatoka pale Stesheni ya Jakaya Kikwete ulikwenda dirishani ukakata tiketi ya jioni. Huenda ulifanya hivyo kwa hasira tu, lakini ndilo tendo lililoitengeneza siku yenu yote. Mwenye tiketi ya kurudi mfukoni hana tena la kuwaza kuhusu mwisho wa siku, ilhali asiyekuwa nayo huketi kwenye jiwe la Rock Garden huku moyo wake uko stendi, akihesabu mabasi yanayoondoka. Tena mwisho ule haukuwa wenu kuamua. Hapakuwa na mmoja wa kusema tuondoke na mwingine wa kusema tukae kidogo, kwa maana treni ilishasema, na nyote wawili mlikuwa upande mmoja.

Jambo la pili ni kwamba siku ile hapakuwa na aliyemwahidi mwenzake chochote. Mtu aliyeachwa na treni hatarajii kufurahi; anatarajia kukaa kwenye benchi na kuchoka. Kwa hiyo kila kilichokuja kikawa nyongeza: kivuli, maji baridi, ndizi, hata yule muuzaji aliyewatafutia kiti, kama alikuwepo. Safari ya pili ilikuwa tofauti tangu mwanzo, kwa sababu wewe ulikuwa mwenyeji na mama akawa mgeni wa heshima. Nina hakika ulikuwa unamtazama usoni kila baada ya muda ili kujua kama amefurahi, na yeye, kama walivyo mama zetu, alikuwa anatabasamu ili usivunjike moyo, huku magoti yakimuuma. Hapo ndipo kununiana kunapoanzia. Watu wawili wanaojitahidi kufurahi kwa ajili ya mwenzake hawawezi kusemezana ukweli mdogo kama "nimechoka, tupumzike", na ukweli mdogo ukizuiwa tangu asubuhi hutoka jioni ukiwa mkali.

Sasa niingie kwenye mahesabu, maana hapa ndipo wengi wanapokosea tangu treni hii ianze. Usafiri wa abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa reli ya kisasa ulianza tarehe 14 Juni 2024, na mwezi uliofuata ukafika Dodoma. Safari ambayo kwa basi ilikuwa ikichukua saa nne, na zaidi ya hapo ukikutana na foleni ya Kibaha au Chalinze, sasa ni ya takriban saa mbili. Watu wakafurahi, na wakaanza kudhani kuwa Morogoro yote imesogea. Iliyosogea ni Kihonda peke yake, mahali ilipo stesheni. Mlima uko palepale, Mikumi iko palepale, na barabara za kufika huko ni zilezile. Wajerumani walipoifikisha reli yao Morogoro mwaka 1907 waliiingiza mjini, na stesheni ile ya zamani bado iko karibu na maduka na soko kwa mwendo wa miguu. Reli mpya ina stesheni kubwa nje ya katikati ya mji, kwa hiyo kila matembezi yanayoanzia kwenye SGR yanaanza na bajaji, teksi au daladala na kumalizikia hapohapo, na muda huo lazima uhesabiwe.

Fanya hesabu hivi. Chukua saa zilizo kati ya kutoka kwenu stesheni na treni ya kurudi. Toa saa moja nzima mwishoni, kwa sababu kuna ukaguzi wa tiketi, vitambulisho na mizigo, na geti hufungwa kabla treni haijaondoka, jambo ambalo ninyi mmeshalijua kwa uchungu. Toa tena saa moja na nusu ya kwenda mjini, kurudi, na kusubiri usafiri. Kama ulikuwa na saa sita, umebaki na saa tatu na nusu. Hizo zinatosha mahali pamoja pa kukaa, chakula kisicho na haraka, na kupita sokoni wakati wa kurudi. Zinatosha kabisa, na ndivyo mlivyozitumia siku ile ya kwanza. Kama zilizobaki ni chini ya saa mbili, ushauri wangu ni kutotoka kabisa: tafuteni mgahawa hapo karibu na stesheni, agizeni chai, mzungumze.

Mikumi haiingii katika hesabu hiyo hata ukiisukuma. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na lango lake liko karibu kilomita 100 kutoka Morogoro kwa barabara kuu ya kwenda Iringa. Mtu aliyeshuka treni ya asubuhi, akatafuta gari, akapatana bei, akalipa viingilio, anaanza kutazama wanyama jua likiwa utosini, na wakati huo simba amelala chini ya mti na nyati wamejificha kwenye vivuli. Wanyama wa nyika hutembea alfajiri na jioni. Mlilipia mchana, na mchana wa Mikumi ni nyasi na joto. Nauli ya treni ya kawaida iliyotangazwa mwaka 2024 ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, yaani shilingi 52,000 kwa ninyi wawili kwenda na kurudi. Bila shaka gari la kukodi kwenda Mikumi peke yake lilikula zaidi ya hapo. Hifadhi ile ni ya watu wanaolala usiku mmoja au zaidi, na siku mtakapokuwa na uwezo huo nendeni, lakini iwe safari yake yenyewe.

Morningside ni kosa la aina nyingine. Ni mahali pazuri sana: nyumba ya zamani ya Wajerumani iliyoachwa kwenye mteremko wa milima ya Uluguru, mandhari ya mji wote chini, hewa baridi, na njiani unapita katikati ya mashamba ya watu na vijito. Lakini kwa miguu ni mpando wa saa kadhaa hata kwa kijana, na njia ya pikipiki ina mawe na makorongo ambayo yanamtikisa mtu mzima mpaka mifupa ikalia. Wengi hudhani kuwa kazi ni kupanda. Kwa mwenye magoti mabovu kazi ni kushuka, kwa kuwa kila hatua ya mteremko uzito wote wa mwili hutua kwenye goti lililokunjwa, na hakuna namna ya kukatisha safari katikati. Ukishapanda, ni lazima ushuke. Mama yako hakununa kwa ubaya. Alikuwa na maumivu, tena alikuwa ameshaona umetumia fedha nyingi, akanyamaza.

Turudi Rock Garden, maana nataka uelewe kwa nini pale palifaa. Uluguru ni sehemu ya safu ya milima ya kale iliyopangana kutoka Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, na imekaa ikiielekea Bahari ya Hindi. Upepo wenye unyevu ukitoka baharini hauna kizuizi kikubwa mpaka ugonge milima hii. Hapo hupanda, hupoa na kuwa mvua, na misitu iliyo juu, ambayo tangu mwaka 2008 imewekwa pamoja kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, huyanyonya maji na kuyaachia polepole hata wakati wa kiangazi. Ndiyo maana unaweza kukaa Morogoro mwezi wa Septemba, mji umekauka na vumbi limetanda Msamvu, lakini ukipanda kidogo tu kuelekea mlimani unayakuta maji yanateremka baridi kati ya mawe. Watu huuita mji huu "mji kasoro bahari", na mimi huwaambia wageni kwamba bahari huja yenyewe kwa njia ya mawingu.

Vijito vya upande huu huingia mto Morogoro, mto Morogoro huingia Ngerengere, Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu ndio mto ambao mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini huvuta maji kwa ajili ya sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Mama yako aliweka miguu kwenye maji ambayo huenda yakafika Tabata kwa bomba. Mwambie hivyo, nadhani atacheka, na huenda akaanza kuyachemsha zaidi.

Pale Rock Garden penyewe hapana mengi ya kuona, na hapo ndipo penye faida. Kuna mawe makubwa yaliyolainishwa na maji, miti yenye kivuli, na sauti ya kijito ambayo inafanya mtu asilazimike kuzungumza. Mtu akikaa mahali pasipo na orodha ya vivutio hana cha kukosa. Anatazama watoto wakirushiana maji, mwanafunzi amefungua daftari kwenye jiwe, mjusi anayetoka kuota jua, na saa mbili zinakwisha. Kama mtarudi, nina tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba Jumamosi na Jumapili alasiri mahali kama pale hujaa watu na muziki hupigwa kwa sauti kubwa, hivyo anayetafuta utulivu aende katikati ya wiki, au afike asubuhi. Ya pili ni nzito zaidi: msikae kwenye mkondo mkiona wingu jeusi limekaa mlimani, hata kama jua linawaka mjini. Mvua inayonyesha juu huteremka kwa ghafla, hasa wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na maji yakibadilika rangi kuwa ya udongo hakuna muda wa kukusanya viatu. Na mawe yenye ukungu wa kijani ni ya kukwepa wakati wote. Mtafutieni mama jiwe kavu lililo tambarare, au aombe kiti cha plastiki kiwekwe ukingoni.

Mlifanya vizuri pia kupita sokoni mwishoni. Wengi huanza na soko, wakazunguka siku nzima wamebeba fenesi. Soko Kuu la Chifu Kingalu limepewa jina la kichifu la Waluguru wa upande wa Kinole, jina linalorithiwa kutoka mtawala hadi mtawala. Waluguru, kama mama hajui, ni watu ambao ukoo na ardhi kwao vilifuata upande wa mama, na hata leo ukitazama nani anashuka na mizigo ya mazao na nani anapanga bei, utaona akina mama hawa hawakuzoea kuamriwa. Mwaka 1955 watu wa Uluguru waliukataa mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta kwenye miteremko yao, mpaka mpango wenyewe ukaachwa. Mgeta huleta karoti, kabichi na njegere. Upande wa Matombo na Kinole huleta ndizi, mananasi, mafenesi na viungo. Kwa mtu wa Dar es Salaam, ningesema viungo ndivyo vya kubeba kwa kuwa ni vyepesi na haviharibiki kwa joto la safari. Mdalasini uchukueni ukiwa gome, si unga. Vunja kipande kidogo, kisugue kati ya vidole, unuse. Harufu ikipanda mara moja, nunua fungu, na kama inabidi uisogeze puani mara mbili, songa kwa muuzaji wa pili. Pilipili manga nayo ikiwa nzito mkononi na haipasuki kirahisi, ni nzuri.

Sasa, je, siku kama ile inaweza kupangwa? Inaweza, lakini unachokipanga ni mipaka ya siku, na ndani ya mipaka unaacha wazi. Nakushauri kwanza uwe na sababu nyingine ya kuja Morogoro. Siku ile mlikuja kwa harusi, na matembezi yakawa makombo ya safari; makombo hayamdai mtu. Safari ijayo njooni kumsalimia huyo binamu na mkewe, au njooni kununua viungo, au kumpeleka mtoto wa ndugu chuoni. Shughuli ikishakwisha saa nne au saa tano asubuhi, treni yenu iwe ya jioni, na katikati hapo msiwe na miadi. Pili, chagua mahali pamoja tu, na usimwambie mama kwamba ndiko mnakokwenda. Mwambie, "Mama, tiketi yetu ni ya jioni, tutafute pa kukaa." Hiyo si hila, ni kumwondolea mzigo wa kushukuru kabla hajafurahi. Mahali pa pili pakae kichwani mwako kama akiba, na pasipotumika pasitajwe. Tatu, mama ndiye aseme muda wa kuinuka. Kazi yako ni saa moja tu ile ya mwisho kabla ya treni, na hiyo usimwachie mtu, wala usikubali maneno ya dereva kwamba "tutafika tu", kwa sababu Msamvu mnaijua.

Vitu vya kubeba ni vichache: dawa za mama, kanga ya kukalia na ya kufutia miguu, maji, fedha taslimu za noti ndogo kwa bajaji na wauzaji, na simu yenye chaji. Mizigo mikubwa ndiyo inayoua siku za namna hii. Kama mmetoka harusini na mabegi, yaacheni kwa wenyeji wenu na myachukue njiani, au muyaache mapokezi kwenye hoteli mtakayokula, baada ya kuomba na kukubaliwa. Msimwachie mtu msiyemjua kwa sababu ana sura ya upole.

Na kwa kuwa treni inaweza kuwaacha tena, au kumwacha msomaji mwingine anayesoma hapa, niseme hili waziwazi. Kabla ya kufikiria matembezi, uliza nafsi yako kama kweli unaweza kusubiri. Kama kesho asubuhi una mtihani, au mgonjwa anakungoja, usijidanganye na mandhari. Kwenda stendi ya mabasi ya Msamvu ni mwendo mfupi na mabasi ya Dar es Salaam ni mengi, yanashushia Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, na utafika umechelewa kidogo lakini umefika. Matembezi ya aina hii yana utulivu kwa yule tu ambaye saa zake hazidaiwi na mtu. Ukishajua kwamba unaweza kusubiri, nenda dirishani kwanza, uliza treni inayofuata ina nafasi au haina na tiketi yako ya awali inashughulikiwaje, kata mpya kama ndivyo utaratibu unavyotaka, ndipo utoke nje. Nimewaona watu wakitoka kwanza na kurudi jioni kukuta viti vimekwisha, hasa Ijumaa na Jumapili, na siku iliyoanza kwa kuachwa mara moja ikamalizika kwa kuachwa mara ya pili.

Umeuliza pia kuhusu mahali pengine. Kwa mama mwenye magoti, ambaye ameshaona maji na soko, ningempeleka Mazimbu. Ardhi yake ni tambarare, miti ni mikubwa, na kelele za mji hazifiki. Palikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Baada ya mauaji ya wanafunzi wa Soweto mwezi Juni 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbia nchi yao, na serikali ya Tanzania ikakipa chama chao cha ukombozi, ANC, eneo hilo mwaka 1977 ili wajenge shule. Mmoja wa vijana waliorudi nyumbani kupigana, Solomon Mahlangu, alikamatwa na kunyongwa mjini Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22, na shule ikapewa jina lake. Walijenga mabweni, madarasa, hospitali, karakana na mashamba, wakaishi hapo mpaka mwaka 1992 walipoikabidhi kwa Tanzania. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na bado inaitwa kwa jina la Mahlangu.

Kuna makaburi ya Waafrika Kusini waliofia huku ugenini kabla ya kuiona nchi yao ikiwa huru. Hapo sipeleki watu wa kupiga picha na kula chipsi. Ni sehemu ya kupita taratibu, kusoma majina, na kukaa kimya kidogo. Nimeona wanawake wa umri wa mama yako wakisimama hapo muda mrefu kuliko wageni wengine wote, kwa sababu wao wanaikumbuka miaka ile; walichangia, waliimba nyimbo za ukombozi shuleni, na wengine walisoma au kufanya kazi karibu na vijana hao. Ni eneo la chuo, kwa hiyo jitambulisheni getini, elezeni mnachotaka kuona, na mfuate watakavyowaelekeza. Kisha tokeni mkale mahali pengine.

Kama siku hiyo hataki makaburi, jambo ambalo lina haki yake, basi muulize habari za muziki. Mji huu ulikuwa na bendi mbili zilizogawanya mashabiki: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na Morogoro Jazz, ambako Mbaraka Mwinshehe alijipatia jina kabla ya kufariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979. Mama yako alikuwa msichana wakati huo. Mkiwa mmekaa pale kwenye kijito, muulize alikuwa wapi aliposikia habari ya kifo cha Mbaraka, na alikuwa akicheza na nani. Hayo hayahitaji gari wala kiingilio, ingawa huenda ukasikia mambo ambayo baba yako hakuyajua.

Ninavyowaona ninyi wawili, ningechagua Jumanne au Jumatano ya mwezi wa Juni au Julai, mvua za masika zikiwa zimekwisha na baridi ya mlimani ikiwa ya kuvaa sweta asubuhi tu. Njooni na treni ya asubuhi, mumsalimie binamu na bibi harusi wake, mtoke kwao kabla hawajaanza kupika chakula cha mchana, maana mkisubiri chakula hicho siku imekwisha. Tiketi ya kurudi ikateni mapema kabla hamjatoka Dar es Salaam, na mkae upande mmoja na mama, yeye dirishani. Akiomba Rock Garden tena kwa siku nzima, mpeleke hukohuko.